Majitaka ya Kijiji cha Pwani: Tangi Lisilovuja na Kichujio cha Matete, Hatua kwa Hatua

Karo la kupotezea maji likichimbwa kwenye mchanga au jiwe la matumbawe hufanya kazi vizuri kupita kiasi. Maji yanazama papo hapo, shimo halijai miaka na miaka, mwenye nyumba anaridhika. Yanakozama ni kule kule kunakochotwa maji ya kisima, na kutoka hapo yanaelekea baharini. Jiwe la matumbawe lina mianya na mapango madogo. Linapitisha maji bila kuyachuja. Vijidudu vya kuhara vinafika kisimani vikiwa hai, na naitrojeni ya mkojo inalisha mwani unaofunika matumbawe na majani ya bahari kule samaki wanakozalia.

Kwa hiyo kanuni ya pwani ni kinyume na mazoea: majitaka yazuiwe kwanza, yasafishwe, ndipo yaachwe yaingie ardhini. Mwongozo huu unaeleza mfumo wa tangi la septiki (tangi la kutuliza majitaka hadi tope lizame na uchafu uanze kuoza) lisilovuja linalofuatwa na kichujio cha kokoto kilichopandwa matete. Hautumii umeme na mafundi wa kawaida wanaumudu. Gereza la Shimo la Tewa, Mombasa, lilijengewa kichujio cha namna hii chini ya WIO-LaB, mradi wa kulinda Bahari ya Hindi ya Magharibi dhidi ya uchafu wa nchi kavu, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefanya utafiti mwingi juu yake.

Hesabu zote hapa ni za nyumba 20 zenye watu 100. Kwa watu 30 hadi 300 unaweza kuzidisha au kupunguza kwa uwiano ule ule. Zaidi ya hapo tafuta mhandisi.

Kwanza: je, mfumo huu unawafaa?

Kama watu wanachota maji kwa ndoo na kila mmoja anatumia chini ya lita 30 kwa siku, usijenge. Kinyesi hakitasukumwa, mabomba yataziba mwezi wa kwanza, na kijiji kitarudi kwenye mashimo huku deni la saruji likibaki. Mahali pa namna hiyo panafaa choo kikavu kinachotenganisha mkojo na kinyesi, kilichojengwa juu ya ardhi, chenye vyumba viwili vinavyotumika kwa zamu. Kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, kinatumia vyoo vya mboji visivyohitaji maji ya kuvuta, na maji ya kuogea yanapita kwenye vichujio vya mimea. Hakipeleki majitaka kwenye miamba yake. Hilo si suluhisho la daraja la pili. Kwa visiwa vingi vidogo ndilo la kwanza.

Kama nyumba zina bomba ndani na vyoo vya kumwaga maji, endelea.

Hatua ya 1: Pima maji yanayotumika

Usikisie. Soma mita kila asubuhi kwa siku 7 mfululizo, Ijumaa na siku ya mnada zikiwemo. Pasipo na mita, hesabu madumu na matangi yanayojazwa. Kijiji chenye hoteli au nyumba za wageni kipimwe msimu wa wageni.

Mfano wetu: watu 100 kwa lita 60 ni lita 6,000 kwa siku. Karibu asilimia 80 ya maji hayo hurudi kama majitaka, yaani lita 4,800. Tuseme mita za ujazo 5.

Maji ya udhu ya msikiti yasiingizwe humu. Ni mengi, yanakuja kwa mkupuo mara tano kwa siku, na karibu ni safi. Yatajaza tangi na kusukuma tope nje bila sababu yoyote. Yapelekwe kwenye migomba au minazi ya msikiti kwa bomba lake. Maji ya mvua ya paa na ya uani nayo yasiguse mfumo huu hata kidogo.

Hatua ya 2: Pima ardhi, na uipime wakati wa bamvua

Chimba mashimo matatu ya kina cha mita 2 kwenye eneo unalolifikiria, au hadi utakapokuta maji. Kipimo cha siku moja hakitoshi. Karibu na ufuo, maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari, ila kwa kuchelewa. Maeneo mengi ya pwani yetu tofauti kati ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua (siku bahari inapojaa na kupwa kuliko kawaida) hukaribia mita 4, na mchanga hauizuii. Pima siku za bamvua, mwezi mwandamo au mwezi mpevu, kila baada ya saa moja, kuanzia maji yakijaa baharini hadi saa tatu baadaye. Kipimo bora ni cha masika, kati ya Machi na Mei, mvua na bamvua kubwa zinapokutana. Ukipima kiangazi wakati wa maji mafu (siku bahari inapojaa na kupwa kidogo tu) utapata namba ya kufurahisha, na tangi lako litaelea.

Pima pia jinsi ardhi inavyonywa maji. Chimba kishimo cha sentimita 30 kila upande, kijaze maji, kiache kinywe, kijaze tena, kisha hesabu dakika hadi maji yashuke sentimita 1. Yakishuka ndani ya dakika 2 hadi 15, udongo unafaa kupokea maji yaliyosafishwa. Yakitoweka kwa sekunde chache, uko juu ya ufa wa jiwe. Watu wengi hufurahi wakiona hivyo. Maana yake ni kwamba chochote utakachomwaga hapo kitafika kisimani au baharini kama kilivyo.

Hatua ya 3: Chagua mahali

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Zanzibar na Kenya zina sheria zao. Muulize ofisa mazingira kabla ya kuchimba, na uulize pia kuhusu kibali cha kumwaga maji yaliyosafishwa.

Kutoka kwenye visima weka angalau mita 30, na kwenye jiwe la matumbawe weka zaidi. Mita peke yake hazilindi kisima, mwelekeo unalinda. Maji ya ardhini ya pwani kwa kawaida hutiririka kutoka bara kwenda baharini, hivyo kichujio kiwe upande wa bahari wa visima, kamwe kisiwe upande wa juu. Kiwe chini ya usawa wa nyumba ili maji yateremke yenyewe. Pampu ya majitaka katika kijiji kidogo hufa mapema: chumvi inaila, umeme unakatika, au aliyekuwa anajua kuitengeneza amehama.

Hakikisha gari la kunyonya majitaka linaweza kufika ndani ya mita 25 za tangi. Pasipofikika kwa gari, tenga eneo la kukaushia tope sasa hivi (limeelezwa mbele), maana baadaye ardhi hiyo itakuwa imeshajengwa.

Hatua ya 4: Mabomba

Tumia bomba la PVC la inchi 4, lile zito la majitaka. Mteremko kutoka nyumbani uwe sentimita 2.5 kwa kila mita, na kwenye njia kuu usipungue sentimita 1.5 kwa mita. Pima kwa mpira wa levo (mpira mwangavu uliojazwa maji), si kwa jicho. Bomba kubwa zaidi halisaidii. Maji yakiwa machache yanatambaa chini yake na kuacha uchafu nyuma.

Jenga chemba ya kukagulia kila kona, kila bomba mbili zinapokutana, na kila mita 20 hadi 25. Mfuniko wa chemba uwe juu ya ardhi kwa sentimita 10 ili maji ya mvua na mchanga visiingie. Ndani ya chemba tengeneza mfereji wa nusu duara kwa saruji. Sakafu bapa hukusanya kinyesi.

Kijiji kikiwa tambarare kabisa, mteremko huo hautapatikana bila kuchimba hadi kwenye maji. Hapo badilisha mpango: kila nyumba nne au tano ziwe na tangi lao dogo la kutuliza uchafu, kisha maji yasiyo na vipande yasafirishwe hadi kwenye kichujio kwa mteremko wa nusu sentimita tu kwa mita.

Kila jiko liwe na kisanduku cha kunasa mafuta kabla ya kuungwa: sentimita 40 kwa 40, kina 50, chenye kizuizi katikati kinachoacha upenyo chini. Jiko la pwani lina taka zake. Machicha ya nazi hayaozi haraka na huganda pamoja na mafuta ya kukaangia samaki hadi kuwa bonge gumu ndani ya bomba. Magamba nayo hushika kwenye kila kiungo. Weka wavu kwenye sinki, machicha yaende kwa kuku. Kwa sehemu ya kuogea na kunawia miguu, jenga kishimo cha kuzolea mchanga chenye kina cha sentimita 30 chini ya bomba la kutokea, kizolewe kila wiki. Watu wanaotoka ufukweni huingiza mchanga mwingi kuliko unavyodhani.

Hatua ya 5: Tangi la septiki

Ukubwa wake unatokana na vitu viwili. Majitaka yatulie siku moja na nusu: mita za ujazo 5 mara 1.5 ni 7.5. Tope: kila mtu huacha karibu lita 40 kwa mwaka, watu 100 kwa miaka miwili ni mita za ujazo 8. Jumla 15.5, tujenge 16. Vipimo vya ndani: urefu mita 5, upana mita 2, kina cha maji mita 1.6, na nafasi ya hewa sentimita 30 juu yake.

Gawa vyumba viwili kwa ukuta: cha kwanza mita 3.3, cha pili mita 1.7. Kwenye ukuta huo acha matundu manne ya sentimita 15 kwa 15, yakiwa sentimita 90 kutoka sakafuni. Chini ya hapo utapitisha tope, juu zaidi utapitisha ukoko wa mafuta. Sehemu ya juu ya ukuta iache upenyo wa hewa.

Sakafu ni zege la sentimita 15, uwiano 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), nondo za milimita 10 kila sentimita 20 pande zote mbili, zikiwa zimefunikwa na zege la sentimita 5. Mchanga wa ufukweni usitumike, wala maji ya chumvi. Chumvi itaanza kula nondo kabla hata tangi halijajaa. Kuta ni matofali ya saruji ya inchi 6 yasiyo na tundu, yaliyolazwa, ili ukuta uwe na unene wa sentimita 23. Plasta ya ndani ipigwe mara mbili kwa uwiano 1:3, ichanganywe na dawa ya kuzuia maji, imaliziwe kwa niru (saruji tupu iliyokorogwa kwa maji), na kona zote za chini zizungushwe. Plasta ya nje ni lazima pia kama maji ya ardhini yanafika kwenye ukuta. Mwagilia kwa siku 7 au zaidi.

Bomba la kuingilia liwe juu ya lile la kutokea kwa sentimita 7 hadi 8. Yote mawili yavalishwe tii, yaani kiungo cha bomba chenye umbo la T: ya kuingilia ishuke sentimita 40 chini ya usawa wa maji, ya kutokea ishuke 55. Tii isiyofungwa ndiyo kosa tunalolikuta mara nyingi kuliko yote, na gharama yake ni kubwa: ukoko unatoka moja kwa moja kwenda kwenye kokoto na kuziziba. Juu ya kila tii, na juu ya chumba cha kwanza katikati, acha mlango wa kukagulia wa sentimita 60 kwa 60. Bomba la hewa la inchi 4 lipande juu ya mapaa, lifungwe wavu wa mbu.

Sasa suala la kuelea. Kila mita 1 ya maji ya ardhini juu ya sakafu inasukuma tangi hili juu kwa nguvu ya karibu tani 14. Tangi tupu lenye mfuniko lina uzito wa karibu tani 23. Kwa hiyo maji ya bamvua yasizidi mita 1.3 juu ya sakafu. Yakizidi, inua tangi lote na kulizungushia kifusi, au panua sakafu kwa sentimita 30 kila upande ili udongo uikalie. Hatari kubwa iko wakati wa ujenzi: kuta zikiwa nusu na mfuniko bado, uzito hauzidi tani 12, na bamvua moja usiku inatosha kuling'oa. Jenga kiangazi. Ukiona maji ya ardhini yanapanda, jaza maji ndani ya tangi bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Kabla ya kufukia, jaribu. Jaza hadi usawa wa kutokea, acha siku moja kuta zinywe, jazia tena, weka alama, na pima baada ya saa 24. Likishuka zaidi ya sentimita 1, tafuta ufa. Baada ya jaribio liache likiwa limejaa.

Hatua ya 6: Kichujio cha kokoto

Hapa ndipo kazi yenyewe inafanyika, na ndipo wengi hukosea umbo. Watu hujenga mfereji mrefu mwembamba kwa kuamini kwamba maji yakisafiri mbali yanasafika zaidi. Matokeo yake mlango wa mfereji unaziba ndani ya mwaka, kwa sababu uchafu wote unapita kwenye uso mdogo wa kokoto.

Hesabu ni hii. Mtu mmoja hutoa karibu gramu 40 za uchafu unaooza kwa siku, kwa kipimo cha BOD (oksijeni ambayo vijidudu hutumia kuozesha uchafu). Watu 100 ni kilo 4. Tangi hupunguza theluthi moja hadi karibu nusu. Hesabu kwamba kilo 2.25 zinabaki. Uso wa kokoto unaopokea maji usipewe zaidi ya gramu 250 kwa kila mita ya mraba kwa siku. Gramu 2,250 gawa kwa 250 ni mita za mraba 9. Kwa kina cha mita 0.6, upana unakuwa mita 15. Eneo lote kwa joto la pwani ni mita ya mraba 1.5 kwa mtu, yaani 150. Hivyo urefu ni mita 10 tu. Kichujio ni kipana kuliko kilivyo kirefu, na ndivyo kinavyotakiwa kiwe.

Kigawe mara mbili, kila kimoja mita 7.5 kwa 10, na chemba ya kugawa maji mbele yake. Siku kimoja kikizidiwa, utakifunga kipumzike huku kingine kikifanya kazi.

Chimba sakafu yenye mteremko wa sentimita 1 kwa mita kuelekea matokeo: kina mita 0.6 mwanzoni, 0.7 mwishoni. Uso wa juu uwe bapa kabisa. Ukingo upande sentimita 30 juu ya kokoto ili mafuriko ya mvua yasiingie. Ondoa mizizi na mawe makali, tandaza mchanga sentimita 5, kisha turubai zito la plastiki la mabwawa ya samaki lenye unene wa milimita 0.75 au 1. Kila kichujio kinahitaji kipande cha karibu mita 13 kwa 10.5, ikiwemo sehemu ya kufukia ukingoni. Juu ya turubai tandaza tena mchanga au mikeka mikuukuu kabla ya kokoto. Bomba linapotoboa turubai ndipo penye kuvuja. Tumia kiungo chenye kola na mpira. Pasipo na turubai, zege la sentimita 8 lenye wavu wa chuma linafaa.

Nusu mita ya kwanza na ya mwisho jaza mawe ya milimita 40 hadi 80. Katikati jaza kokoto za milimita 10 hadi 20. Jumla ni karibu mita za ujazo 98; agiza 105. Zioshe zote hadi maji yatoke meupe. Hii ni kazi ya kuchosha na kila fundi atataka kuiruka. Usikubali: vumbi la kokoto huteremka na kuunda tope chini ya kichujio, na hutaweza kulitoa tena bila kufukua. Kokoto za jiwe gumu ndizo bora. Za matumbawe ya nchi kavu zinatumika pasipo na nyingine, lakini gonga mbili pamoja. Zikitoa unga, ziache. Matumbawe ya baharini hayaguswi.

Bomba la kuingiza lilale kwa upana wote juu ya mawe, likiwa levo kamili, lenye matundu ya milimita 20 kila sentimita 50, na vifuniko vya kufungua ncha zote mbili. Lifunikwe na mawe ili maji yasionekane. Bomba la kutoa lilale chini kabisa upande wa pili na kuishia kwenye chemba, ambako linapanda kwa elbo (kiungo cha kona) isiyogundishwa. Ukiinamisha elbo hiyo, usawa wa maji ndani ya kichujio unashuka, ukiisimamisha, unapanda. Usawa wa kawaida ni sentimita 10 chini ya uso wa kokoto. Mbu hawawezi kutaga pasipo na maji wazi.

Maji yatakaa humo karibu siku 6.

Hatua ya 7: Kupanda na kuanza

Panda matete ya mtoni ya eneo lenu, yale ambayo tayari yameshazoea maji ya chumvichumvi karibu na mikoko. Mafunjo yanafaa pale tu maji ya bomba si ya chumvi. Chimbua vipande vya mzizi vyenye macho mawili au matatu na shina la sentimita 30, vipande 4 kwa kila mita ya mraba, jumla 600. Ingiza mzizi sentimita 15 hadi ufike kwenye maji.

Kwa wiki sita za kwanza pandisha maji hadi sentimita 2 au 3 chini ya uso, na unganisha nyumba tano tu. Ongeza nyingine kidogo kidogo. Mwezi wa tatu tangu kupanda shusha hadi kawaida ili mizizi ifuate maji chini. Ndoo moja au mbili za tope kutoka tangi lingine zuri, zikimwagwa kwenye tangi jipya, huharakisha kuoza.

Hatua ya 8: Maji yanayotoka

Yatakuwa meupe na bila harufu kali. Si salama kwa kunywa, kuoga, wala kumwagilia mchicha. Kichujio hupunguza vijidudu mara kumi hadi mara mia, lakini vilianza kwa mamilioni. Yapeleke kwenye migomba na minazi kupitia mitaro iliyofunikwa. Jua linakausha karibu mita ya ujazo moja kwa siku. Zinazobaki nne zinatosha mashina 100 ya migomba kwa lita 40 kila moja. Migomba ina kazi ya pili: inafyonza naitrojeni ambayo ingefika kwenye matumbawe. Mtaro wa mwisho uwe juu ya maji ya bamvua kwa angalau mita 1. Bomba lisipelekwe baharini.

Kiwango cha Tanzania cha majitaka yanayoruhusiwa kumwagwa ni BOD miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni inayohitajika kuvunja uchafu wote kwa kemikali) 60, na chembechembe zinazoelea ndani ya maji 100. Pima mara mbili kwa mwaka, mwisho wa masika na mwisho wa kaskazi.

Utunzaji na tope

Mtu mmoja alipwe. Kamati ya kujitolea hudumu hadi chemba ya kwanza izibe. Kila wiki azoe mafuta na mchanga, na aangalie kama maji yanagawanyika sawa. Kila miezi sita apime tope: jiti refu lililofungwa kitambaa cheupe linashushwa hadi sakafuni na kuinuliwa polepole, sehemu nyeusi ni tope. Tope na ukoko vikifika theluthi moja ya kina, wakati wa kunyonya umefika. Mara moja kwa mwaka matete yakatwe, yatolewe nje ya kichujio. Ni mazuri kwa ua na kuezekea.

Hakuna mtu anayeingia ndani ya tangi, hata likiwa tupu, hata akiwa amefungwa kamba na anasema anajua. Gesi iliyomo huua ndani ya dakika, na anayeingia kumwokoa hufa pia. Usiwashe moto karibu na mlango.

Wakati wa kunyonya, acha tope kidogo kama mbegu, jaza maji mara moja, na usifanye hivyo siku za bamvua. Pasipofika gari, jenga kitanda cha kukaushia cha mita za mraba 40, kimezibwa chini, chenye kokoto na mchanga juu yake, na bomba la kurudisha maji kwenye tangi. Mita za ujazo 8 zitatanda kwa sentimita 20. Wakati wa kaskazi zitakauka ndani ya wiki chache, masika hazitakauka. Tope kavu lirundikwe mahali pakavu mwaka mzima au zaidi kabla halijatiwa shambani, kwa sababu mayai ya minyoo hayafi haraka.

Yanayoharibika, na jinsi ya kujua chanzo

*Maji yanasimama juu ya kokoto upande wa kuingilia.* Shusha elbo kwanza. Yakishuka, usawa ulikuwa umewekwa juu mno au bomba la kutoa limezibwa na mizizi. Yasiposhuka, kokoto za mbele zimeziba. Funga kichujio hicho wiki mbili kikauke. Mara nyingi kinafunguka chenyewe. Kisipofunguka, fukua mita moja ya mbele, osha, rudisha. Kisha rudi kwenye tangi: ama limejaa tope au tii imeanguka.

*Harufu ya mayai yaliyooza.* Mara nyingi ni chumvi. Maji ya kisima yaliyoingiliwa na bahari yana salfeti, na bakteria wa ndani ya tangi huigeuza kuwa gesi hiyo. Ikitoka na hewa ya bomba la juu haina shida kubwa kwa jirani, lakini hula zege la mfuniko kwa chini. Kagua mfuniko kila mwaka. Saruji ikikwanguka kwa kisu, piga plasta upya.

*Matete yanakuwa ya njano.* Upande mmoja tu: maji hayagawanyiki sawa, bomba la kuingiza limeinama. Kote: chumvi imezidi, au kuna anayemwaga dawa ya kung'arishia nguo kwa wingi. Hoteli na wafua nguo waulizwe kwanza.

*Pampasi na pedi kwenye chemba.* Nyumba inajulikana kwa kufungua chemba moja moja kwenda juu. Weka ndoo yenye mfuniko kila choo. Bila ndoo makatazo hayafanyi kazi.

*Mtiririko ni mkubwa kuliko hesabu.* Fungua chemba ya mwisho kabla ya tangi saa 9 usiku, watu wakiwa wamelala. Pawe pakavu. Kukiwa na maji yanayotiririka, onja kwa kipimo cha chumvi, si kwa ulimi. Yakiwa ya chumvi kuliko ya bomba, ni maji ya ardhini yanayoingia kwenye viungo vya bomba. Rudia usiku wa bamvua na usiku wa maji mafu ulinganishe, halafu fuata chemba kwenda juu hadi utakapokuta kavu. Ufa uko kati ya chemba hiyo na ile uliyotoka. Yakiwa matamu, kuna nyumba ambayo sistani ya choo inavuja.